Je, mkemia wa dawa anaweza kustaafu bila dawa hata moja? Jibu kwa msomaji

Swali: "Shikamoo Daktari. Namaliza shahada ya kemia mwaka huu na nataka kuwa mkemia wa dawa, hasa dawa za moyo na za kushusha lehemu (kolesteroli). Mhadhiri mmoja amenikatisha tamaa. Anasema wengi katika kazi hiyo hustaafu bila dawa yao hata moja kumfikia mgonjwa, na kwamba dawa za lehemu zimeshagunduliwa zote. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu hushinda maabarani akifanya nini miaka yote hiyo? Halafu, nizame kwenye usanisi, yaani kutengeneza molekuli kwa mikono maabarani, au nijifunze kompyuta?"

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amepatia la kwanza, la pili amekosea.

La kwanza nalijua kwa sababu mimi mwenyewe ni ushahidi wake. Nimefanya kazi hii miaka 31, karibu yote kwenye moyo na lehemu, na sina dawa. Molekuli tatu zilizotoka kwenye timu zangu zilifika kwa binadamu. Ya kwanza haikukaa mwilini hata saa mbili. Ya pili ilikaa vizuri kabisa, ila haikushusha chochote. Ya tatu ilikuwa bado inapumua wakurugenzi walipobadili mwelekeo wa kampuni na kuifungia kabatini. Hakuna duka la dawa ambako ningeweza kukuonyesha kidonge nikasema hiki ni changu. Na hesabu yangu si mbaya kuliko za wenzangu: katika molekuli zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu, takriban moja katika kumi ndiyo hupata kibali, na kwa kila moja inayoingia, mamia au maelfu zimeshaachwa nyuma maabarani.

Sasa swali lako la kati, ambalo naona ndilo zito: mtu anashinda akifanya nini?

Anachagua atomu. Sisemi kwa mafumbo. Asubuhi unakaa mbele ya jedwali lenye molekuli thelathini ulizotengeneza na wenzako miezi miwili iliyopita. Kila mstari una namba: inakizuia kimeng'enya, ile protini inayoendesha kemia ya mwili, kwa kiasi gani, inayeyuka kwenye maji au inabaki kama mchanga, seli za ini zinaikatakata kwa dakika ngapi, inapenya ukuta wa utumbo au inagonga na kurudi. Hakuna mstari ambao namba zote ni nzuri. Unaangalia pete fulani ya molekuli, unajiuliza: hapa pembeni nikiondoa hidrojeni moja nikaweka florini, ini litashindwa kuishika? Unaichora. Unaitengeneza, na kuitengeneza kunaweza kula wiki tatu: unachemsha kwenye chupa ya duara, unapitisha kwenye safu ya silika ili kuisafisha, unahakiki muundo wake kwa mashine ya NMR, mwishoni una miligramu ishirini za unga mweupe. Unapeleka kwa wanabayolojia. Wiki inayofuata namba zinarudi, na mara nyingi zinakwambia ulikosea. Lakini zinakwambia ulikosea *wapi*. Mkemia mzuri na mkemia wa kawaida wanakosea mara zilezile. Tofauti yao ni kwamba yule wa kwanza, molekuli yake ikifa, anabaki na kitu.

Nikupe mfano ulio safi kuliko yote ninayoijua, maana katika kazi hii usafi ni nadra. Ni kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu na moyo kushindwa kazi.

Yote yalianza na sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca. Mtafiti Sergio Ferreira alikuwa ameonyesha kwamba ndani ya sumu hiyo mna vipande vidogo vya protini vinavyozuia kimeng'enya kinachozalisha angiotensini, ile homoni inayobana mishipa. Kampuni ya Squibb ya Marekani ikatengeneza kimojawapo cha vipande hivyo maabarani, na kikashusha shinikizo la damu kwa wagonjwa. Tatizo: kipande cha protini ukikimeza, tumbo linakila kama nyama. Ilibidi kichomwe sindano. David Cushman na Miguel Ondetti, watafiti wa Squibb, wakapima molekuli nyingi ndogo bila mpango maalumu, wakaambulia patupu.

Mwaka 1974 wakasoma karatasi ya watafiti wengine kuhusu kimeng'enya tofauti kabisa, cha kongosho, kinachokata protini kwa msaada wa atomu ya zinki. Watafiti wale walikuwa wamekizuia kwa molekuli ndogo sana yenye kundi la asidi linaloishika zinki. Cushman na Ondetti wakawaza: je, kimeng'enya chetu nacho si cha zinki? Wakachukua prolini, asidi amino ambayo vipande vile vya sumu vya nyoka huishia nayo, wakaiunga na mkono mfupi wenye asidi. Ikafanya kazi kidogo mno. Mtu mwingine angetupa. Wao waliona kwamba udhaifu ule una mpangilio: wakiongeza methili, kundi dogo la kaboni moja na hidrojeni tatu, mahali fulani, nguvu inapanda, wakibadilisha upande wa methili, inashuka. Maana yake molekuli ilikuwa imekaa mahali walipodhani imekaa. Ndipo wakatoa ile asidi wakaweka salfa yenye hidrojeni, kwa kuwa salfa inaipenda zinki kupita kiasi. Nguvu ikapanda karibu mara elfu moja. Molekuli makumi machache tu, na dawa ikapata kibali Marekani mwaka 1981.

Salfa ileile ndiyo ikaleta shida. Baadhi ya wagonjwa walipata vipele, wengine wakapoteza ladha mdomoni. Wakemia wa kampuni ya Merck wakaamua kurudi kwenye asidi, lakini wakaifidia kwa kuongeza mikono mingine ya kushikia kimeng'enya. Wakapata molekuli kali sana ambayo haifyonzwi tumboni. Wakaifunika asidi moja kwa kundi dogo la ethili: inamezwa ikiwa imevaa joho, ini linalivua joho hilo, dawa yenyewe inabaki damuni. Hiyo ndiyo enalaprili, ya mwaka 1985. Ukiangalia michoro ya hizo mbili bega kwa bega, utasoma mabishano ya miaka kadhaa kati ya watu na molekuli zao, na huhitaji hata kujua majina yao.

Nimeichagua kaptoprili makusudi kwa sababu inadanganya. Wanafunzi wakiisoma hudhani kazi yote iko hivyo: unafikiri vizuri, unapata. Njoo sasa kwenye lehemu.

Lehemu mwili unaitengeneza wenyewe, zaidi ndani ya ini, kwa hatua nyingi. Hatua inayoamua kasi ya mchakato mzima inasimamiwa na kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA reduktasi. Akira Endo, akiwa kampuni ya Sankyo huko Tokyo, alianza mwaka 1971 kutafuta kitu cha kukizuia, na aliwaza kama mtu aliyekulia karibu na kuvu: vijidudu vinapigana kwa kemikali, basi huenda kuna kuvu anayemnyima adui yake njia ya kutengeneza lehemu au jamaa zake. Akapima vijidudu zaidi ya 6,000. Mwaka 1973 akakipata alichotaka kwenye Penicillium citrinum, ukungu wa kawaida unaoota kwenye nafaka. Molekuli ile ikaitwa kompaktini.

Wakaipa panya. Lehemu haikushuka. Wakaongeza kipimo, haikushuka.

Hapo ndipo miradi mingi hufa, na kwa haki kabisa, maana ukiwa na molekuli isiyofanya kazi kwa mnyama utamwambia nini bosi wako? Endo hakukubali. Kwenye chupa ilikuwa inazuia kimeng'enya kwa ukali wa ajabu. Kwa nini panya asijali? Mwenzake mmoja aliyekuwa akifanya kazi na kuku alikubali kumpa kuku wake wa mayai. Kuku wakashuka lehemu vizuri sana, kisha mbwa, kisha nyani. Baadaye ikaeleweka kwamba ini la panya, likizuiliwa kimeng'enya hicho, hujibu kwa kukitengeneza kwa wingi mno mpaka dawa inazidiwa. Tena panya kwa kawaida ana lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa, kidogo tu damuni, hivyo hapakuwa na kitu kikubwa cha kushusha.

Kompaktini yenyewe haikuwa dawa. Sankyo waliisimamisha mwaka 1980 kwa hofu ya uvimbe ulioonekana kwa mbwa waliopewa vipimo vikubwa. Merck, waliokuwa wamepata ndugu yake wa karibu kutoka kwenye kuvu mwingine, Aspergillus terreus, nao wakasita, halafu wakarudi, na mwaka 1987 lovastatini ikawa statini (ndivyo zinavyoitwa dawa za kuzuia kimeng'enya hicho) ya kwanza kupata kibali Marekani. Endo alifariki mwaka 2024. Statini ziko kwenye makabati ya mamilioni ya watu, na kompaktini yake haimo hata kwenye moja. Mhadhiri wako angemweka kwenye orodha ya waliostaafu bila dawa. Ningependa kuiona orodha hiyo.

Ila tusimalizie hapo, kwa sababu kazi ya mkemia kwenye statini ilianza baada ya kuvu kumaliza yake. Lovastatini ukiiongezea methili moja tu kwenye mkono wake wa pembeni unapata simvastatini. Methili moja! Simvastatini ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa nchi za Skandinavia uliotangazwa mwaka 1994, wagonjwa 4,444 wa moyo, na vifo vikapungua kwa asilimia 30. Mpaka siku hiyo kulikuwa na madaktari wenye heshima zao waliosema kushusha lehemu ni kushusha namba tu kwenye karatasi.

Wakati huohuo Bruce Roth, mkemia kijana wa kampuni ya Parke-Davis mjini Ann Arbor, Marekani, alikuwa anajaribu kuachana na kuvu kabisa. Wazo lilikuwa hivi: statini zote zina kichwa kinachofanana na kitu ambacho kimeng'enya hukila, na kichwa hicho hakiguswi. Sehemu ya chini, yenye mafuta, ndiyo unaweza kuichezea. Badala ya pete zile ngumu za kuvu, akaweka pete ya piroli, akaizungushia makundi mbalimbali. Mwaka 1985 akatengeneza ile ambayo baadaye ikaitwa atorvastatini. Kwanza ilitengenezwa ikiwa mchanganyiko wa pacha wawili wa kioo, yaani molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja anafanya kazi, mwingine ni mzigo. Kumtenga yule mmoja na kumtengeneza peke yake kwa kilo badala ya gramu ni kazi ambayo haitajwi na mtu, na mimi nikiangalia mkakati ule huvua kofia.

Kampuni iliona ingekuwa statini ya tano sokoni na kulikuwa na sauti za kuiacha. Ilipojaribiwa kwa watu ikashusha lehemu mbaya kuliko zile zilizotangulia. Ilipata kibali mwishoni mwa 1996, na kwa miaka mingi ikawa dawa iliyouzwa kuliko zote duniani. Ina uzito wa molekuli wa zaidi ya 550. Mwaka mmoja tu baada ya kibali hicho, 1997, Christopher Lipinski na wenzake walichapisha kanuni yao maarufu: ukizidi 500, pamoja na vigezo vingine vitatu, jihadhari, kidonge chako huenda kisifyonzwe. Kanuni ni nzuri na nimeitumia maisha yangu yote. Nakutajia tu usije ukaigeuza msahafu.

Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu ya wagonjwa ambao misuli yao iliyeyuka na kuziba figo, hasa waliokuwa wakimeza pia gemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu, ambayo huuzuia mwili usiiondoe. Ilikuwa kali kwa kipimo cha chini ya miligramu moja. Ukali si sifa peke yake.

Hilo nililijifunza kwa njia yangu. Katika mradi wangu wa pili tulikuwa na molekuli ya kushusha lehemu ambayo namba zake kwenye kimeng'enya zilitufanya tutembee kwa madaha. Ilikuwa na naitrojeni moja ya besi katikati na mafuta pande zote mbili. Mtu yeyote mwenye uzoefu angetuambia umbo hilo linaziba mfereji wa potasiamu uitwao hERG, ule unaousaidia moyo kujitayarisha kwa pigo linalofuata. Dawa kadhaa, mojawapo terfenadini ya mafua ya mzio, ziliondolewa sokoni miaka ya 1990 kwa sababu hiyo hiyo: moyo unapoteza mapigo yake, mtu anaanguka. Na sisi tunatafuta dawa ya moyo! Tulipopima, ikaziba mfereji kama kizibo kwenye chupa.

Tukaweka kundi la asidi ili kuifukuza huko. hERG ikaachia. Seli nazo zikafunga mlango, molekuli haikuingia tena kwenye ini. Ukiziba hapa, panavuja kule. Hiyo ndiyo kazi kwa sentensi moja. Tukaivisha joho la esta, kama enalaprili. Kwa panya, joho likavuliwa damuni kabla halijafika popote. Mradi ulikuwa karibu kufungwa. Msichana mmoja aliyekuwa na miezi mitano kazini akauliza, kwa aibu, kama kuna mtu amepima kwenye damu ya mbwa, au ya binadamu. Hakukuwa na mtu. Damu ya panya imejaa vimeng'enya vya kukata esta ambavyo damu ya binadamu haina. Sisi wazee wanne tulilijua hilo na hakuna aliyelikumbuka. Kwenye damu ya binadamu joho lilikaa saa nzima. Molekuli ile ndiyo iliyofika kwa watu, ndiyo niliyokwambia haikushusha chochote. Kimeng'enya chenyewe hakikuwa na maana tuliyodhani kinayo katika ugonjwa. Kemia ilikuwa sahihi kabisa. Nilikasirika mwaka mzima.

Sasa nikupe ile ninayoipenda kuliko zote, ezetimibi, kwa sababu ni kinyume cha hasira yangu.

Wakemia wa Schering-Plough, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wanatafuta kizuizi cha kimeng'enya kiitwacho ACAT, kinachosaidia utumbo kuhifadhi lehemu. Walikuwa na hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, waliowalisha lehemu nyingi, na baadhi ya molekuli zao zilishusha lehemu ya wanyama hao. Lakini jedwali lilikuwa na kichaa: molekuli dhaifu kwenye ACAT zilifanya kazi kwa mnyama, zenye nguvu kwenye ACAT hazikufanya. Kwa lugha nyingine, molekuli zilikuwa zinasema "huu si mlango tunaopitia." Wangeweza kushikilia ACAT, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye mpango wa kazi. Badala yake wakaacha kimeng'enya na kumfuata mnyama. Kwa miaka kadhaa walibuni molekuli bila kujua zinashika nini, wakiongozwa na lehemu ya hamsta tu.

Walifika kwenye molekuli nzuri, lakini mwili uliibadilisha upesi kuwa vitu vingi. Kwa kawaida mkemia huona mabadiliko hayo kama wizi: ini linakuibia dawa. Wao wakauliza kama mwizi anaweza kuwa anaibadilisha kuwa kitu bora. Wakachukua nyongo ya panya waliopewa molekuli ile, nyongo iliyojaa mabaki yake yote, wakaitia kwenye utumbo wa panya wengine ambao hawakupewa dawa. Nyongo ikazuia lehemu kuliko molekuli yenyewe. Wakatenganisha mabaki, wakapata lile lenye nguvu, na wakaona kwamba sukari ambayo mwili huibandika juu yake, asidi ya glukuroniki, ambayo kwa kawaida ni tiketi ya kutolewa nje, hapa inalipeleka na kulirudisha kwenye ukuta wa utumbo, mahali hasa panapotakiwa.

Basi wakaijenga molekuli upya wakiwa na ramani. Palipokuwa mwili unaongeza haidroksili, yaani oksijeni yenye hidrojeni, yenye faida, wakaiweka wao wenyewe mapema. Palipokuwa mwili unachafua, wakaziba kwa florini, moja huku, nyingine kule. Matokeo yake yana florini mbili na haidroksili mbili, na kila moja kati ya hizo nne ina sababu yake. Dawa ilipata kibali mwaka 2002. Protini inayoishika, NPC1L1, ile inayopokea lehemu ukutani mwa utumbo, ilitambuliwa mwaka 2004. Umesoma vizuri: dawa kwanza, mlango wake baadaye. Peke yake inashusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 18, si nyingi, lakini inapanda juu ya ile ya statini, na utafiti wa wagonjwa zaidi ya 18,000 ukaonyesha kwamba nyongeza hiyo inapunguza matukio ya moyo.

Kila kijana aliyejiunga na timu yangu nilimpa kazi ya kuchora molekuli hiyo kwa mkono na kuniambia kila atomu inafanya nini pale. Wengi walishindwa mara ya kwanza, wote walifaulu ya pili.

Kuhusu kwamba dawa za lehemu zimekwisha: watu walisema hivyo mwaka 1997 pia. Halafu ikaja habari ya lehemu nzuri, HDL, na vizuizi vya CETP, protini inayoitoa lehemu kwenye HDL na kuihamishia kwenye lehemu mbaya, na mabilioni yakamwagika. Kizuizi kimoja, torcetrapibi, kilipandisha HDL kwa asilimia 70 na ushee na kushusha lehemu mbaya juu yake. Desemba 2006 majaribio ya watu wapatao 15,000 yakasimamishwa ghafla: waliokufa kwenye kundi la dawa walikuwa 93, kwenye kundi jingine 59. Molekuli ilikuwa inapandisha aldosteroni, homoni inayotunza chumvi mwilini, na shinikizo la damu, kitu kisichohusiana na CETP hata kidogo. Ilikuwa tabia ya molekuli ile, si ya wazo. Ndugu zake waliofuata hawakuwa na tabia hiyo, lakini wawili kati yao hawakuwa na faida ya kutosha, na mmoja aliyekuwa na faida ndogo hakupelekwa kuombewa kibali. Nilikuwa na marafiki kwenye miradi hiyo. Sina cha kuwaambia hata leo.

Lakini ndani ya miaka hiyohiyo, wataalamu wa jenetiki waliona kwamba watu wenye jeni ya PCSK9 iliyoharibika wana lehemu ndogo maisha yao yote na mioyo yenye afya. PCSK9 ni protini inayoharibu vipokezi vya ini vinavyoizoa lehemu damuni, vile vipokezi ambavyo Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Nobeli mwaka 1985 kwa kuvigundua. Uso wake ni tambarare kama sahani; molekuli ndogo haina pa kushika. Kwa hiyo sindano za kingamwili zilitangulia, mwaka 2015, kisha inklisirani, sindano ya mara mbili kwa mwaka baada ya vipimo vya mwanzo. Sisi wa vidonge tulionekana tumeachwa na gari. Sivyo: sasa kuna peptidi za mviringo, yaani vipande vidogo vya protini vilivyofungwa kama pete, kubwa kuliko kidonge cha kawaida na ndogo kuliko kingamwili, zinazomezwa na kuishika PCSK9, na hiyo ni kemia ya jasho kabisa. Asidi ya bempedoiki, iliyopata kibali Marekani mwaka 2020, ni mfano mwingine wa ujanja mzuri: imelala mpaka iamshwe na kimeng'enya kilichopo kwenye ini na kisichopo kwenye misuli, hivyo inazuia lehemu pale inapotakiwa na kuiacha misuli kwa amani. Serivastatini ingekuwa na tabia hiyo, mambo yangekuwa mengine.

Usanisi au kompyuta? Vyote, ila kwa mpangilio. Kompyuta itakupa molekuli elfu kumi nzuri kabla ya chai. Timu inaweza kutengeneza thelathini. Anayeweza kusema hizi thelathini, siyo zile, kwa sababu hii haitatengenezeka chini ya hatua kumi na mbili na ile itapasuka kwenye asidi ya tumbo, ndiye anayesikilizwa mezani. Uwezo huo unatoka vidoleni, kwa kuharibu michanganyiko mingi. Kwa hiyo chukua miaka mitatu au minne ya usanisi wa kikaboni kwa mtu mkali, atakayekuuliza kwa nini mavuno yako ni asilimia 11. Soma famakolojia ya kutosha kumsumbua mwanabayolojia kwa maswali. Jifunze programu za kutabiri muundo jioni, hazina ugumu wa kutisha.

Na ukiitwa kwenye usaili, watakuuliza kuhusu mradi wako uliofaulu. Waeleze. Kisha usisubiri waulize: waambie kuhusu ule uliokufa, chora molekuli yake ubaoni, na uwaonyeshe atomu ambayo ungeanza nayo kuibadilisha kesho asubuhi. Mimi nikiwa upande wa pili wa meza, niliwaajiri waliofanya hivyo. Yule msichana wa damu ya mbwa alikuwa mmoja wao.